Nyumba Tuliyoachiwa

Katika mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi, iko nyumba moja ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba vitatu, chumba kidogo cha nyuma, na baraza mbele. Haina jambo la ajabu. Ukipita njiani hutageuza kichwa kuitazama. Kwenye kidato cha mlango, saruji ilipokuwa ingali mbichi, mjengaji aliandika mwaka kwa kidole chake: 1954. Siku zile mji wetu uliitwa Jadotville, nao ukachukua jina hilo hata 1966. Mimi nimelelewa katika nyumba hiyo. Tarakimu zangu za kwanza nilijifunza kwa kuzifuata zile nne za kidatoni kwa ncha ya kidole. Hata hivyo nyumba ile si yetu, nasi tumelijua jambo hilo siku zote.

Nataka kuuliza swali moja. Mtu akikaa katika nyumba ya mwenzake miaka 30 na zaidi, akaiezeka upya, akalea watoto humo, akatoa humo maiti ya baba yake kwenda kuizika, je, nyumba ile yageuka kuwa yake? Najua wako watakaojibu upesi: «Ndiyo, maana nani mwingine aliyeitunza?» Na wengine watajibu upesi vilevile: «La, amri ya saba yatosha.» Mimi mwenyewe nimekwisha jibu yote mawili, kila moja kwa siku yake, na kila mara nilijiona ni mtu wa haki.

Kwanza niwaeleze jinsi tunavyokaa humo. Swali la namna hii halielei hewani, bali lakaa kwenye bati na kwenye sakafu.

Mama aamka kabla ya kengele. Afungua mlango wa nyuma ili awashe mbabula uani. Mlango huo una desturi zake. Wakati wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, mbao zake huvimba, hata yakupasa kuuinua kwa goti huku wavuta komeo. Wakati wa baridi, Juni na Julai, mbao hukauka, nao hupiga-piga usiku kucha kwa upepo. Kila mtu wa nyumbani alijua goti lile. Mgeni twamjua kwa kuwa yeye husukuma kwa bega, kisha hukasirika.

Sakafu ni ya saruji nyekundu, ambayo Jumamosi husuguliwa kwa nta. Katikati ya chumba cha mbele iko njia iliyolika, kutoka mlangoni kwenda mezani, na kutoka mezani kwenda chumba cha kulala. Miguu yetu imeongeza tu kazi hiyo. Wengine waliianza kabla yetu. Ukuta wa upande wa magharibi una ufa. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa kupenda kupima, aliandika tarehe kwa kalamu ya risasi pale ufa ulipoishia, kila mwaka baada ya mvua. Tangu 1995 hata alipofariki 2008 ufa ulisogea kiganja kimoja. Mimi naendelea kuandika. Usiku wa baridi bati hujikunja na kulia ka! ka! juu ya vichwa vyetu. Watoto wa yaya wangu wakija kulala huogopa, nasi twawacheka, kama tulivyochekwa sisi.

Uani uko mwembe. Hatukuupanda sisi. Mwezi wa Desemba watoto wa mtaa mzima waujua, na Mama hugawa maembe kwa mafungu matatu: la kula, la jirani, na la kuuza. Fedha za fungu la tatu huandikwa katika daftari. Nitarudi kwenye daftari hilo.

Tena iko miimo ya mlango wa chumba cha watoto. Kwenye mwimo wa kushoto kuna alama za kisu, moja juu ya nyingine, pamoja na tarehe: ni vimo vya watoto wanne, na alama ya mwisho ni ya 1991. Kwenye mwimo wa kulia ziko alama zetu, nazo zaanza 1993. Mama ndiye aliyetuamuru tusiandike upande wa kushoto. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila nyumba ina watoto wake wa upande wa kushoto.

Basi hao wa kushoto ni nani? Hapa sharti nirudi nyuma.

Wengi wetu tunaoitwa watu wa Likasi tuliletwa, au baba zetu waliletwa. Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906, haikupata watu wa kutosha karibu na migodi yake, ikawatafuta mbali. Reli ilipofika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwaka 1928, njia ya kutoka Kasaï ikawa wazi. Na miaka ile ile kampuni ilifikiri ni afadhali mfanyakazi aje na mke wake, akae, azae, kuliko kumrudisha kwao kila baada ya miezi michache na kuanza tena na mwingine asiyejua kazi. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilianza 1929. Watu wakakaa, wakazaa. Watoto wao wakacheza pamoja, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili, hata mtoto wa Mluba wa Kasaï, mtoto wa Mbemba na mtoto wa Msanga hukuweza kuwatambua kwa sikio.

Mjengaji wa nyumba ile alikuwa mmoja wa watu wa Kasaï. Mwanawe, aliyezaliwa hapa hapa, akawa fundi wa chuma katika karakana za Panda, akairithi nyumba, akapanda mwembe. Baba yangu, ambaye kwao ni upande wa Kapolowe, alikuwa rafiki yake. Walikuwa wakiimba sauti moja katika kwaya, nami nimeambiwa kwamba wote wawili waliimba vibaya.

Kisha ikaja Agosti 1992. Huko Kinshasa, tarehe 15 ya mwezi ule, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua waziri mkuu mtu wa Kasaï, mahali pa mtu wa jimbo letu, lililoitwa Shaba siku zile. Ugomvi wa wakubwa ulishuka mpaka kwenye malango yetu. Wenyeji walikuwa na malalamiko yao juu ya kazi na vyeo, na mengine hayakuwa ya bure. Lakini lalamiko juu ya cheo halimpi mtu ruhusa ya kuvunja mlango wa jirani. Hapa Likasi watu wa Kasaï walifukuzwa katika nyumba zao. Makumi ya maelfu walikwenda kulala stesheni na katika majengo ya shule, wakingoja gari la moshi kwa majuma, wengine kwa miezi. Wengi walikufa wakingoja, na hasa watoto. Mwaka 1993 mambo hayo hayo yalifika Kolwezi. Wengi wa waliopandishwa kwenye mabehewa hawakuwa wameiona Kasaï hata siku moja katika maisha yao. Waliambiwa warudi kwao, nao hawakujua mahali hapo ni wapi.

Usiku mmoja yule fundi wa Panda alikuja kwa Baba. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka mitatu, nimelala. Hayo nayajua kwa Mama. Alikuwa ameufunga ufunguo katika kitambaa. Akasema: «Mwalimu, uniangalizie nyumba. Mambo yakitulia nitarudi.» Baba akajibu neno moja tu: «Utaikuta.»

Asubuhi yake tulihamia. Kama tusingehamia, jioni wangehamia wengine, kama ilivyotokea kwa nyumba nyingi. Usiku mara mbili Baba alipeleka unga stesheni. Mara ya tatu alikuta behewa limekwisha kwenda. Miaka mingi baadaye alinena jambo ambalo sijalisahau. Alisema: «Niliyachunga matofali. Mtu mwenyewe sikumchunga.» Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza.

Sasa niwaambie habari za daftari. Katika kile chumba kidogo cha nyuma mwenye nyumba alikuwa ameacha vitu asivyoweza kubeba: meza, masanduku mawili, na cherehani ya Singer ya mkewe. Mama aliifunika cherehani kwa shuka, akaitia mafuta kila mwezi. Lakini ilipofika siku ya kufungua shule, nasi hatuna nguo, akaitumia. Dhamiri ikamsumbua. Akachukua mkebe wa maziwa, akatia humo kiasi ambacho angemlipa mshonaji wa sokoni. Kila nguo aliyoshona, alitia fedha mkebeni. Akafikiri: akirudi atakuta cherehani yake, na ujira wake pia.

Masikini Mama! Mwezi wa Oktoba 1993 Serikali ilitoa zaire mpya, na moja yake ililingana na zaire za zamani 3,000,000. Kisha 1998 ikatolewa faranga ya Kongo, na moja yake ililingana na zaire mpya 100,000. Mkebe ulikuwa umejaa karatasi zisizoweza kununua hata kiberiti. Mtu mwingine angesema: basi, Mungu mwenyewe ameifuta deni. Mama alinunua daftari. Kwenye ukurasa wa kushoto akaandika vitu ambavyo nyumba imetupa: maembe, nguo za cherehani, kodi ambayo hatukulipa mwezi hata mwezi. Kwenye ukurasa wa kulia akaandika vitu tulivyoipa nyumba: bati 14 mwaka 2003, magunia ya saruji, kioo cha dirisha, fundi wa kisima. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hesabu ile ningependa waione watunza fedha wa mahali pengi, nisiseme wapi.

Barua zilikuja mbili tu, zote kutoka Mwene-Ditu. Ya kwanza 1994: wamefika, mtoto mmoja amefariki njiani. Ya pili mwanzoni mwa 1996: mzee anaumwa. Baadaye vita vya 1996 na vile vya 1998 vikakata njia za barua, nasi tukanyamaza kama wao.

Nitafika sasa kwenye jambo lenyewe. Kiangazi kilichopita mtu mmoja alikuja, akaitazama nyumba na lupango lote, akataja bei kwa dola. Yaya wangu alitaka tuuze. Nisingependa mfikiri kwamba yaya ni mtu mbaya. Ana watoto watano, kazi yake ni ya leo ipo na kesho haipo, tena ndiye aliyelipa zile bati 14 wakati mimi nilikuwa seminari, nikila chakula cha wengine na kujifunza habari za haki. Maneno yake yalikuwa haya. Kwanza, sisi hatukumfukuza mtu. Pili, bila jasho letu nyumba ingekuwa kichuguu zamani. Tatu, wengine walioingia katika nyumba za namna hiyo wamekwisha ziuza, wakajenga nyingine, na jua lawaangaza. Nne, karatasi yaweza kupatikana.

Neno la nne nililikataa hapo hapo. Tangu sheria ya Julai 1973 udongo wote ni mali ya Serikali, nasi twapewa tu haki ya kuutumia, kwa cheti. Cheti ni kitu chema, maana chazuia ugomvi. Lakini cheti kilichopatikana kwa kusema mbele ya karani kwamba hapana mtu mwingine, hali ufunguo wa mtu mwingine umetundikwa msumarini nyumbani kwako, kitawafunga mdomo majirani. Dhamiri hakiifungi.

Lakini maneno matatu ya kwanza yana uzito, nami sikuweza kuyajibu kwa siku moja.

Seminari tulifundishwa kwamba mtu anayekaa na mali ya mwingine ni wa namna tatu. Wa kwanza hajui kama ni ya mwingine: huyo ana nia njema. Wa pili ajua vizuri: ana nia mbaya. Wa tatu ana mashaka, naye amepaswa kutafuta mpaka mashaka yaishe. Kwa yule wa kwanza, sheria za mataifa mengi zasema kwamba muda ukipita sana, kitu chaweza kuwa chake, ili ugomvi usikae duniani milele. Na hilo ni haki. Mjane aliyenunua nyumba hapa Kikula mwaka 2010, kwa fedha yake halali, kwa mtu aliyenunua kwa mtu mwingine, wala hakujua lolote la 1992, siwezi kumwambia: toka.

Na sisi? Nilifikiri sana tu wa namna gani kati ya hizo tatu. Kumbe si hata mojawapo. Sisi tu walinzi. Baba alipokubali ufunguo na kusema «Utaikuta», alipokea amana. Na miaka ya mlinzi haihesabiwi kama miaka ya mwenye mali. Mchunga kondoo akichunga miaka 30 amechunga sana, wala kondoo hawakuhama zizi. Kila mwaka tuliokaa humo haukutukaribisha kwenye kuipata nyumba. Ulikuwa ni mwaka mwingine wa kutimiza neno la Baba. Nilipomweleza yaya hivyo, alinijibu: «Baba ndiye aliyesema. Mimi sikusema.» Jibu hilo lilinishika. Je, neno la baba lawafunga watoto? Nikamwuliza: kama Baba angekopa fedha, nasi tukairithi kofia yake na baiskeli yake, deni lingekuwa la nani? Akanyamaza, lakini si kunyamaza kwa kukubali.

Hata hivyo jasho lake si bure, na hapa nasimama upande wake. Wanafunzi wa maadili husoma kwamba hata mtu mwenye nia mbaya yampasa arudishiwe gharama za lazima, zile ambazo bila hizo mali ingeharibika. Mwenye nyumba angekuwapo, mvua ya 2003 ingemlazimisha anunue bati zile zile. Basi ni haki kuzihesabu. Kuitunza mali ya mtu si kuwa mtumwa wake.

Nena sasa neno la wengine. Najua kwamba kati ya wasomaji wako watu ambao baba zao hawakupewa ufunguo, bali walinunua. Katika siku zile nyumba ziliuzwa. Nimesikia nyumba iliyobadilishwa kwa baiskeli, na nyingine kwa nauli na magunia machache ya unga. Wanunuzi husema: tulipatana, naye akatia sahihi. Ni kweli alitia sahihi. Lakini mtu yule alikuwa amekwisha kujitwika mzigo kichwani, na kelele zilikuwa zimefika kwenye kona ya njia. Bei ile hakuipanga muuzaji wala mnunuzi. Ilipangwa na hofu, na hofu ile ilifanya kazi upande mmoja tu wa meza. Nabothi alikataa kuuza shamba lake la mizabibu, wakamwua. Kama angekubali kuliuza siku ile, mawe yakiwa tayari mikononi mwa watu, je, Ahabu angekuwa mnunuzi wa haki? Sisemi kwamba kila mnunuzi wa siku zile ni Ahabu. Wako walionunua kwa huruma, maana mwenye kwenda stesheni alihitaji unga siku ile ile, na wengine wote walikuwa wakingoja kuchukua bure. Lakini tofauti kati ya bei ile na bei ya kweli, hiyo ingali inaning'inia mahali fulani, na mwenye kuketi chini yake aijua. Mashauri haya hayawezi kukatwa kwa jumla, kwa mtaa mzima. Kila mtu ana mlango wake, naye ajua ulifunguliwaje.

Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti ya mwalimu, siku moja mezani, Mama akaniuliza: «Wewe, umewatafuta?»

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mali sharti irudishwe kwa mwenyewe. Akiwa amekufa, kwa warithi wake. Na kama hawajulikani kabisa, baada ya kutafuta kwa bidii, itolewe kuwa sadaka kwa ajili ya wokovu wake. Sentensi hiyo nilikuwa naijua tangu seminari. Neno moja tu nilikuwa nikiliruka: kwa bidii. Tangu 1996 hatukumtafuta mtu. Mwanzoni vita, baadaye umaskini, baadaye mazoea. Simu zilipokuja, tuliwapigia watu wa Lubumbashi na wa Kolwezi, hata wa Afrika ya Kusini. Mwene-Ditu hatukupiga. Kutokujua kwetu kulikuwa na faida, nasi tulikutunza vizuri kuliko bati. Basi, ndugu wasomaji, hilo ndilo kosa ninaloliona katika nyumba yetu, nalo halimo katika daftari la Mama.

Nikaandika kwa katekista mwenzangu wa huko. Yeye akauliza katika parokia yake, na parokia ikauliza nyingine. Ilichukua miezi sita. Wakati ule wote niliomba wapatikane. Na, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, niliomba pia kwamba wakipatikana waseme: kaeni tu, nyumba ni yenu. Sijui Mungu afanyeje na sala mbili za namna hii zinazotoka kinywa kimoja.

Jioni moja simu ililia. Alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya mtu mzima. Akajitaja kuwa binti wa yule fundi. Baba yake alifariki 1997, na mama yake baada yake. Yaya alikuwapo. Akanong'ona: «Mtu yeyote aweza kusema hivyo.» Ni kweli, na watu wamedanganywa kwa nyumba zisizofikia hiyo. Nikaiweka simu mezani ili wote wasikie. Yule mama hakutaja lupango wala bei. Aliuliza: «Mlango wa nyuma, bado mnauinua kwa goti?»

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Yaya akatoka nje, akasimama chini ya mwembe muda mrefu.

Baadaye ndipo alipoeleza haja yake. Hana nia ya kurudi Likasi. Maneno aliyosikia akiwa msichana kwenye njia ya stesheni angali anayasikia. Lakini ana wajukuu wa kusomesha na mgonjwa nyumbani. Atakuja baada ya Pasaka, barabara zikikauka, ili nyumba iuzwe, naye apate fungu lake na la ndugu zake. Alituita ndugu. Alisema Mama akae humo mpaka siku hiyo, na zaidi kama mnunuzi atakubali. Hakusema: ni yenu. Nilipokata simu nilikuwa na hasira, nami sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Maana Mama ana miaka 76. Kwa yaya, upande wa Shituru, kuna nafasi ya kitanda, lakini hakuna mwembe, wala ukuta ambao Baba aliuandikia tarehe. Mtu aweza kusema haki imetendeka, na iwe kweli, na tena mwanamke mzee akahama nyumba ambayo ameifagia tangu 1992. Sioni namna ya kuyapatanisha mawili hayo, nami sitajifanya nimeiona.

Juma lililopita tuliketi na daftari. Yaya alijumlisha ukurasa wa kulia, akabadilisha yote kwa dola, akapata hesabu nzuri. Nikamwambia Mama kwamba fedha ya bati na ya saruji aweza kuidai bila dhambi yoyote, na kwamba ingetosha kumtengenezea chumba kwa yaya. Mama akafunua ukurasa wa kushoto: maembe ya miaka zaidi ya 30, na kodi ya miezi zaidi ya 390. Akasema tusitoe upande mmoja bila mwingine. Yaya akasema mlinzi halipi kodi, bali hulipwa. Nami nikaona kwamba yaya, asiyekwenda seminari, amesema jambo ambalo wanachuoni wangeliafiki. Mama hakuafiki. Tumeshindana jioni tatu sasa, wala hatujapatana.

Jana mvua ilinyesha sana, ikavuja juu ya chumba kidogo cha nyuma. Mama ameisogeza cherehani mpaka ukutani, akaifunika upya. Asubuhi hii amenituma sokoni nikanunue bati mbili na misumari ya bati nusu kilo. Nilimwuliza kama bati hizo, tukiwa tunakaribia kuondoka, tuziandike ukurasa wa kulia au tuziache. Akanijibu nikalete misumari kwanza, kabla wingu halijarudi.